Maji ya Ubao wa Shafii

Kila jioni Mwamini alianua ndagala wake, dagaa wa ziwani, mchangani, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akauosha ubao wa mwanawe Shafii juu ya bakuli. Wino wa masizi ulichuruzika na aya za siku hiyo, naye akayanywa maji yote. Rumonge nzima iliwanywesha wagonjwa kombe la namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Asubuhi Shafii aliamka hajui chochote cha jana. Alichokisahau, mama yake alikijua.

Wajerumani walikuwa wakipigana na Wabelgiji wa ng'ambo ya ziwa, na askari wao walikamata wavulana wa kubeba mizigo. Hakuna aliyerudi. Aliyejaribu kulipunguza balaa hilo ni daktari wa boma, Myahudi. Alisimulia kwamba kwao Ulaya, jeshi la mfalme lilipokuwa likisomba watoto, wazee waliwajaza vyuoni wasome kitabu cha Mungu, na babu yake akapona hivyo. Akamsihi mkubwa wake, ikatoka amri: anayesoma asiguswe, aliyehitimu abebe.

Basi chuo cha Mwalimu Nasoro kikafurika watoto, hadi wa kutoka Kizuka. Watoto ni watoto, walisoma kwa bidii. Mmoja mmoja walihitimu, wakapikiwa wali, wakachukuliwa.

"Mutoto yako iko muzito wa kichwa," Nasoro alimwambia Mwamini.

"Murakoze, mwalimu," akajibu, na alishukuru kweli.

Maji hayakuchagua. Baada ya aya yaliondoka na majina ya samaki, kisha njia ya kwa shangazi yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwamini alilia, akaendelea kunywa. Heri mjinga aliye hai.

Siku ya ukaguzi Shafii hakuweza hata Alhamdu.

"Huyu hasomi kitu," askari akasema. "Twende naye."

"Anasoma," Mwamini akasema. "Masomo yake iko kwangu."

Akakaa mkekani, akasoma. Alianza asubuhi, na jua lilipokuwa likizama akaufikisha msahafu mwisho bila kukosea herufi. Nasoro alithibitisha, juu ya Kurani hakuthubutu kusema uongo.

Daktari akaamua kwamba mtoto ni mwanafunzi, abaki. Kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa amri aliiomba mwenyewe na ilikuwa na sehemu ya pili.

"Nisamehe, mama," akasema.

Kesho yake Mwamini alitwikwa sanduku la risasi. Msafara ulipopita mbele ya chuo kuelekea Kigwena, Shafii aliinua macho.

"Mwalimu, ule mama iko nani?"

"Iko mama yako."

"Aa," Shafii akasema, akauinamia ubao.

Mwamini alimsikia. Moyo ulimpasuka, lakini sauti ya mtoto ilikuwa nzima, yenye afya. Akauweka sawa mzigo kichwani, akawafuata wenzake.

Jioni hiyo jirani aliuosha ubao, akayamwaga maji ziwani. Kulipokucha Shafii alikwenda chuoni, akaisoma aya ya jana yote, tena vizuri. Mwalimu Nasoro alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba asiwe na haraka ya kuhitimu.