Jarife la Milimani

Fakihi aliingiza ngumi kwenye jicho la wavu, ikapita. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, ukapita. Kisha akaniuliza ni samaki gani huyo anayevuliwa kwa matundu makubwa hivi, tena huku juu Kipatimu, ambako bahari hata harufu yake haifiki.

"Papa," nikasema.

Askari wawili aliokuja nao wakatazamana. Wao walikuwa watu wa bara ya mbali, hawakujua lolote la pwani. Lakini Fakihi, mtu wa akida aliyewekwa na Wadachi, alikuwa amelelewa Kilwa, pwani, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Wakati huo bado nilikuwa mgeni milimani. Dadi alinikuta kwetu Pande, pwani, alipoteremka kuuza sandarusi, akaniposa, akanipandisha kwao miaka michache baada ya vita vya Maji Maji. Vita vilikuwa vimeacha mashamba mengi bila wenyewe. Palipokuwa na mtama paliota vichaka, na vichaka vikajaa nguruwe. Bunduki Wadachi walikwisha kuzikusanya. Zikabaki nyavu, nazo sasa zilikuwa zimepigwa marufuku. Kila mwaka tulilima, na kila mwaka nguruwe walitutangulia kuvuna. Majirani walikuwa wakihama. Sisi nasi tulianza kunong'ona habari ya kuhama.

Mama mkwe wangu, Maftaha, hakutaka kusikia neno hilo. Kaburi la mumewe lilikuwa pale. Akasokota kamba za magome ya miti, akafuma wavu mrefu, peke yake, na mimi hakuniruhusu niuguse. Hakuwa mkali. Alikuwa na adabu tu, adabu ile anayopewa mgeni atakayeondoka kesho. Nilimwambia siku moja kwamba kwetu kuna kimia cha kurusha, na juya la kukokota, na jarife la papa, na kwamba hata kile kitambaa cha matundumatundu anachojifunika bibi harusi nacho huitwa kimia. Akanijibu kuwa kwao wavu ni wavu, na nguruwe hajali jina.

Asubuhi ile alikuwa ameutandaza uani ili aunge palipokatika. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kutengeneza barabara. Tulipoinua vichwa, Fakihi na askari wake walikuwa wamekwisha kuingia. Alimwamkia Maftaha shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza kwa upole kwamba amri ni kuchoma nyavu zote za kuwindia, na mwenye wavu apelekwe boma la Kilwa. Viboko vya boma tulivijua. Nikaiona mikono ya Maftaha imeushika ukingo wa wavu kama mtu ashikavyo nguo ya mtoto asije akapotea sokoni, nami nikajikuta nimekwisha kusema.

Nilisema huo si wavu wa kuwindia. Ni jarife, la baba yangu wa Pande, nimeolewa nalo.

Hapo ndipo alipoingiza ngumi.

"Jarife lina maboya," akasema Fakihi. "Maboya yako wapi?"

Nikatazama chini. Nikamsikia Maftaha akiinuka, magoti yakimlia, akaingia jikoni. Akatoka na vibuyu vyake vya maji, vyote, vimefungwa shingo kwa kamba, akavitua juu ya wavu.

"Haya hapa," akasema. "Mwanangu alikuja nayo. Mimi niliyaazima nichotee maji."

Hakuwahi kuniita mwanangu.

Fakihi akaokota kibuyu kimoja, akakitikisa. Maji yaliyosalia yakaruka yakamlowesha kanzu. Askari mmoja akakohoa kuficha kicheko. Fakihi akajipangusa taratibu, akainama, akainusa kamba. Jarife hunuka papa hata likikaa mwaka mzima darini. Hili lilinuka magome mabichi. Nilimwona akijua.

"Na papa wa huku wanapenda kula nini?" akaniuliza.

"Mihogo."

"Na mahindi machanga," akadakia Maftaha.

Fakihi alikaza uso, lakini masharubu yalikuwa yakimtikisika. Akawaambia askari kwamba amri imetaja nyavu za kuwindia, majarife haikuyataja, watangulie nyumba ya pili. Walipotoka akamsogelea Maftaha, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake mzazi analima Likawage, na papa wamemmaliza.

Dadi aliporudi tulimsimulia, akacheka mpaka akakaa chini. Siku nguruwe wa kwanza aliponasa, mimi na Maftaha tulikuwa tumeshika ncha moja ya wavu, naye akinigombeza kwamba fundo langu limelegea, akinigombeza hasa, kama mtu wa nyumbani. Mwaka ule tulivuna.

Baada ya mavuno mimi na Maftaha tukajitwika jarife letu, tukashika njia ndefu ya Likawage. Mama yake Fakihi, aliyekwisha kusimuliwa na mwanawe habari ya jarife letu la papa, alitupikia kuku, na tulipokwisha kula akamuuliza Maftaha bahari ikoje. Maftaha hakuwahi kuiona. Akanawa mikono, akakaa vizuri, akaanza kumweleza.