Sauti ya Redioni

Pakiti ya tishu ilikuwa mezani, imefungwa raba bendi nyekundu, kando ya nguzo ya ukumbi wa vibanda vya chakula. Vasugi alipoiona moyo ulimlipuka. Singapuri hata mwizi huiheshimu tishu iliyowekwa mezani, kwa kuwa meza hiyo tayari ina mwenyewe. Na mwenye raba bendi nyekundu alikuwa mmoja tu: baba yake, mzee Maruthamuthu, aliyetoroka nyumbani asubuhi akiwa amechomwa sindano yake ya kisukari, bila kutia tonge kinywani. Siku hizi mzee alisahau hata mlango wa kwake. Asipokula, angeanguka popote alipo.

Kiti kilikuwa kitupu.

Vasugi alikimbilia kibanda cha kahawa kilicho karibu. Mwenyewe, mzee wa Kichina aitwaye Teck Huat, alikuwa akimimina maziwa ya kopo.

"Samahani, bwana. Je, umemwona mzee wa Kihindi aliyevaa shati la buluu? Ni baba yangu."

Kiingereza chake kilinyooka kama suruali ya askari. Ndicho kilichompa kazi ya kusoma habari redioni, na ndicho baba yake alichokipigania. Utotoni, kila Vasugi alipochanganya Kiingereza na Kimalei, Kihokien na Kitamil kama mtaa mzima ulivyochanganya, mzee aligonga meza kwa kijiko. "Rudia!" Kijineno "lah" cha kubandika mwishoni mwa sentensi alikichukia kuliko vyote. Basi mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Teck Huat alimkagua toka viatu mpaka kitambulisho cha kazini kilichoning'inia kifuani. Akapita nyuma ya pazia, akanong'ona na mtu, akarudi.

"Hakuna, madam."

"Lakini tishu yake ipo pale."

"Tishu hapa kila mtu anayo, madam."

Mama wa wali wa kuku, kibanda cha pili, akageuza uso akaanza kukatakata matango yaliyokwishakatwa. Hofu ilimpanda Vasugi, na huyu binti ana kasoro moja: akiogopa, ulimi ndio kwanza unazidi kunyooka.

"Naomba ushirikiano wako. Hili ni suala la dharura ya kiafya."

Lo, ushirikiano! Hivyo ndivyo waanzavyo wakaguzi. Muuza juisi akavaa glavu zake mbio mbio.

"Leseni yangu ile ukutani," Teck Huat alisema. "Na nafanya kazi peke yangu."

Nani alimuuliza habari za wafanyakazi? Vasugi hakuisikia hata hiyo. Alikuwa anamwona baba yake amelala chini kwenye ngazi za jengo fulani, watu wakimruka. Akaipiga meza ya kibanda kofi, na ulimi aliokuwa ameufungia miaka yote ukafyatuka.

"Anko, acha zako, bwana! Mi mtoto wa blok ya nyuma hapo, we ndo ulikuwa unaniuzia chai toka nina meno ya utoto! Appa wangu kadungwa sindano, hajala kitu, ataanguka lah! Huna roho, we?"

Kisu cha matango kikanyamaza.

"Aiyah! Kumbe we ndo kale ka-Vasugi? Kalikokuwa kanalilia barafu?" Teck Huat alishika kichwa. "Sasa mbona unakuja na sauti ya serikali? Nikajua umekuja kunifungia! Mzee wako hunifutia vikombe, kibali hana, nikimkataza analia. Kashakula, usiogope! Mikate na mayai. Pita, pita huku!"

Nyuma ya pazia mzee alikuwa amekalia kreti, kikombe mkononi. Vasugi aliketi sakafuni akilia.

"Appa, nimekutafuta mpaka nimechizika lah! Kwa nini unanitisha hivi?"

Mzee alimtazama, uso ukamchanua.

"Vasu! Umechelewa kutoka shule leo. Usipige kelele, kuna mwanamke wa serikali hapo nje, ananitafuta. Huat kaniuliza kama ni binti yangu, nikamwambia hapana. Wangu hawezi kuongea vile. Nimegonga meza kumrekebisha mpaka kijiko kikapinda, hasikii."

Vasugi alivua kitambulisho, akakitia mfukoni. Akachukua kitambaa na kikombe kimoja.

"Kweli, Appa," alisema. "Hasikii lah."