Wimbo Uliobaki kwa Mzee Gakuru

Baada ya kupatwa na kiharusi, Mzee Gakuru hakutamka neno karibu mwaka mzima. Ndiye aliyefundisha kwaya ya kanisa letu la Kitengela tangu tulipokuwa tukiabudu kwenye hema, vumbi likitupiga usoni. Sasa ukimuuliza kama ana kiu, mdomo unahangaika, macho yanajaa machozi, basi. Mkewe, Mugure, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani bibi, alimhamishia kwa binti yao Kajiado.

Mwaka huo mchungaji aliwapa vijana kazi ya kutembelea wagonjwa. Linda, msichana wa kidato cha pili aliyewaongoza, hakuipenda.

"Pasta, tutamwambia nini? Hata hawezi kujibu."

"Sijui," mchungaji alisema. "Nendeni tu."

Walienda Jumamosi, Linda akiwa ameandamana na mdogo wake Judy, wa miaka sita, kwa kukosa wa kumwachia. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, shuka magotini. Vijana walimsalimia, kisha wakabaki kutazama viatu vyao. Nick akasoma zaburi mbio mbio, kama mtu anayeanua nguo mvua ikija.

Judy hakujua aibu. Alisogea hadi magotini pa mzee, akaanza wimbo wa Kikuyu ambao mzee mwenyewe aliwatungia watoto wa Sunday school, wa ndege anayemshukuru Mungu asubuhi. Katikati akasahau maneno, akanyamaza.

Wimbo ukaendelea.

Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza, lakini maneno yalitoka mazima, moja baada ya lingine. Mzee Gakuru alikuwa anaimba.

Cucu Mugure alikuwa akija na birika. Alisimama pale pale, chai ikimwagikia miguu yake bila yeye kuhisi. "Ngai," alinong'ona, akimwita Mungu kwa Kikuyu. "Ngai wakwa."

Hakuna aliyethubutu kusogea. Wimbo ulipoisha, mzee alijaribu kusema kitu, mdomo ukamkatalia tena. Linda akaona hofu ikimrudia machoni. Bila kufikiri akaanzisha wimbo upya, mzee akaudaka, na safari hii wote wakaimba naye.

Baadaye nesi mmoja wa kliniki aliwaeleza kwamba ubongo hauweki wimbo na mazungumzo mahali pamoja. Wengine hupoteza usemi lakini bado huweza kuimba.

"Kwa hivyo Mungu alikuwa amemwekea sauti ingine pembeni?" Judy aliuliza.

Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unaweza kusema hivyo," akamjibu.

Linda hakulala vizuri usiku huo. Alidhani maelezo yangepunguza ile ajabu. Yaliiongeza.

Walirudi Jumamosi nyingi. Nesi alimfundisha Cucu kuuliza mambo kwa kuimba, naye mwanzoni aliona haya, mama mzima akiimba habari za uji. Lakini mzee alianza kujibu kwa wimbo: chai, baridi, hapana.

Siku moja vijana walikuwa wakiaga. Cucu alikuwa amemwinamia mumewe akimfunga vifungo vya sweta, kimya, bila kumuuliza lolote. Mzee akavuta pumzi.

"Mu-gu-re," akaimba, polepole, kila kipande na noti yake.

Cucu aliketi chini kwenye mchanga, akashika viatu vya mumewe kwa mikono miwili. Linda akawaashiria wenzake kwa kichwa, wakatoka hadi langoni wakinyata.