Kidonge cha Jumamosi

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi saa sita mchana, Oletha Tidwell na mdogo wake Verdell walikaa meza moja katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha kusubu vyuma, mjini Saginaw, wakacheza karata na yeyote aliyethubutu kuvuta kiti. Ulikuwa mchezo wa wawili kwa wawili, na walioshindwa waliinuka wakawapisha wengine. Ndugu hawa hawakuinuka mara nyingi. Verdell alikuwa mdomo, Oletha alikuwa kichwa. Karata ikishapigwa, Oletha alikuwa nayo akilini mpaka mchezo uishe: nani kaitoa, baada ya nani, kwa haraka au kwa kusitasita. Alijua umebaki na nini mkononi kabla wewe mwenyewe hujajipanga. Inaudhi sana kucheza na mtu kama huyo, na kila mtu alitaka kucheza naye.

Halafu daktari akamwandikia dawa ya presha. Oletha alikuwa na miaka hamsini na mbili wakati huo. Kidonge kilikuwa cha kukojosha, na kila baada ya nusu saa alilaza karata zake kifudifudi na kwenda chooni.

"Dada Oletha," Maxine alimwambia siku moja, "huko chooni una mwenzio mnacheza naye?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mumewe Maxine, Cleophus, akacheka kuliko wote. Verdell hakucheka. Walishindwa mara tatu mchana ule, na walipokuwa njiani kurudi nyumbani alitoa amri.

"Jumamosi usimeze kile kidonge. Kichwa chako nakihitaji."

"Na presha je?"

"Kisogo kinakuuma?"

"Hakiumi."

"Basi presha gani hiyo?"

Ndivyo walivyoamini wote pale mtaani. Presha ikipanda, kisogo hugonga. Kisipogonga, huna presha, na daktari anatafuta pa kukushika tu. Presha ingekuwa na adabu ya kubisha hodi kabla ya kuingia, hadithi hii isingekuwepo.

Amri ile ikaota miguu. Ijumaa nayo ikaachwa, maana Verdell alidai kidonge cha Ijumaa hulala mwilini mpaka kesho yake. Ikaachwa wiki nzima ya mashindano ya Detroit. Ikaachwa Jumapili, kwa sababu mchungaji alikuwa na mdomo mrefu na choo cha kanisa kilikuwa mbali. Oletha ndiye mkubwa, kwa miaka minne, lakini akishika neno la mdogo wake haliachii. "Verdell kasema," alikuwa akiwaambia watu, na mjadala ukaishia hapo.

Sasa Oletha alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ilikuwa Jumamosi ya Februari. Turufu ilikuwa shupaza. Cleophus alitanguliza kopa, na mwenye kopa lazima atoe kopa. Oletha akapiga turufu, maana yake hana kopa hata moja. Mizunguko mitatu baadaye, katika mchezo uleule, akaweka mezani mfalme wa kopa.

Watu wamevunja urafiki kwa kosa hilo. Wamevunja hata ndoa. Verdell alirukia kabla hajaulizwa.

"Cleophus, usianze. Macho yako yamezeeka, umesahau kilichopigwa."

Ilikuwa haki ya Cleophus kusimama, kupiga meza, kupindua karata zote na kuita mashahidi kutoka meza za jirani. Tena hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake maishani. Mwaka mmoja alipanda juu ya kiti kwa kosa dogo kuliko hilo. Sasa alizikusanya zile karata polepole.

"Labda nimekosea, Verdell. Tuendelee."

Verdell akaingiwa na baridi. Akamtazama Maxine. Maxine alikuwa akichambua miiba ya samaki wake.

"Nigombeze, Cleophus. Mbona hunigombezi?"

"Kula samaki, Verdell, anapoa."

"Tangu lini?"

 Maxine ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Tangu kiangazi. Makosa yake tunayaacha yapite. Wote humu."

Basi ushindi wote wa miezi ile, majigambo yote ya Verdell, watu aliowainua vitini kwa kejeli, vilikuwa sadaka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Chini ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Nani anagawa?" Oletha aliuliza kwa uchangamfu. Karata zote zilikuwa mkononi mwake, Cleophus alikuwa amemkabidhi.

Wiki mbili baadaye walikaa mbele ya Daktari Nowak, mwanamke kijana mwenye subira, aliyewaonyesha picha ya ubongo wa Oletha. Ulikuwa na madoadoa meupe kila upande.

"Hivi ni viharusi vidogo," daktari alisema. "Hakuvihisi. Presha imekuwa ikiharibu mishipa myembamba ya ubongo kwa miaka mingi, na kila mshipa ulioziba umeondoka na kitu. Leo presha yake ni mia na tisini na nane. Mama Oletha, dawa ulikuwa unameza kila siku?"

Oletha aliketi wima kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Kila siku, isipokuwa Jumamosi. Na Ijumaa. Na Jumapili kukiwa na ibada. Verdell kanipangia vizuri." Akampapasa mdogo wake goti. "Ananitunza sana huyu."

Daktari akamwangalia Verdell, kisha akaandika kwenye faili. Verdell angefurahi kama angetukanwa.

"Akianza sasa," aliuliza, "kila siku, bila kukosa. Kichwa kitarudi?"

"Kilichokwenda hakirudi. Tunachoweza ni kujaribu kuzuia kisiondoke kingine."

Verdell akahamia kwa dada yake siku hiyohiyo. Alijua hawezi kulipa, lakini angalau angezuia. Hilo tu ndilo lililobaki mikononi mwake, na kesho yake asubuhi akamwekea kidonge na maji kando ya sahani ya mayai.

"Meza, dada."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

Oletha akatabasamu, akasukuma kidonge kwa kidole. "Leo Jumamosi. Verdell kasema Jumamosi nisimeze."

"Verdell ni mimi. Nilikosea. Nimebadili, dada, meza."

Oletha akacheka kile kicheko chake cha chini, cha zamani, alichokuwa akicheka mtu akijaribu kumhadaa atoe turufu mapema.

"Unanijaribu wewe. Nakujua."

Verdell alimwonyesha kalenda. Alimwonyesha gazeti. Alikisaga kidonge ndani ya uji. Oletha akautema wote kwenye sahani, kwa upole, bila ugomvi. Daktari akabadili dawa, akatoa kidonge kidogo zaidi, na Verdell akakikuta kimekwama shavuni. Siku moja Verdell alilia mbele yake mpaka pumzi ikamkata. Oletha akamfuta machozi kwa pindo la gauni, akamkumbatia, na bado akafunga mdomo.

Alhamisi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu ilikuwa Jumamosi. Kufikia Pasaka Oletha alikuwa amemsahau Cleophus, amesahau jiko huwashwaje, amesahau kwamba mumewe alikufa na kwamba aliwahi kuwa na mume. Ukimpa karata alizishika kichwa chini. Kati ya yote aliyokuwa nayo, lile agizo la mdogo wake halikuondoka, na Verdell alijua nani aliyeligongomea pale.

Kila asubuhi Oletha alivaa blauzi yake nyekundu akaketi jikoni, akisubiri kupelekwa ukumbini. Verdell aliketi mbele yake na kidonge kiganjani, amechoka, hana tena maneno ya kujaribu. Na kila asubuhi dada yake aliinama juu ya meza, akamnong'oneza kwa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Sijameza."