Karabini ya Hansruedi na Ukucha wa Mkaguzi

Wiki nzima kabla ya ukaguzi nilikuwa na kazi moja tu: kumzuia Vreni asiisafishe bunduki ya marehemu mumewe. Huyu ni mwanamke anayesugua hata kuni kabla ya kuzipanga ukutani. Kila asubuhi nilikwenda kwake, nikala viazi vyake vya kukaanga, na alipogeuka nikauficha msasa chini ya paka. Mkebe wa vanishi niliuzamisha kwenye pipa la maziwa.

"Shemeji," akaniambia, "niipeleke mbele za watu na uchafu huu? Si watasema Hansruedi alioa mvivu!"

"Ukiigusa kwa chochote zaidi ya kitambaa kikavu, ninahama bonde hili."

"Unaahidi?"

Chama chetu cha walenga shabaha hapa Oberlaui kilikuwa kimetengeneza kabati la kioo, na ndani yake ingeingia karabini moja tu, ile bunduki fupi ya jeshi ambayo wanaume wa rika letu walikabidhiwa ujanani wakaenda kuishi nayo nyumbani. Mkaguzi ndiye angeichagua, na chini yake lingeandikwa jina la askari aliyeibeba. Vreni alilitaka jina hilo kwa moyo wake wote. Hansruedi alikufa huku watu bado wanamcheka, maana maishani mwake alipiga kila kitu isipokuwa shabaha. Ng'ombe wa mlima wa pili walikuwa wakimwona anaingia uwanjani, wanalala chini wenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Jumapili ikafika. Nyumba ya walenga shabaha ilinukia soseji za kuchoma na mafuta ya bunduki. Mkaguzi, Bwana Aebersold wa kutoka mji wa Thun, alikuwa mtu mwembamba kiasi kwamba ukimtazama kwa ubavu unaona koti tu. Mezani palikuwa na karabini kadhaa, lakini macho yote yaliivamia ya Köbi Ammann, mwenzetu wa rika. Ilimeremeta kama sanduku la bibi harusi.

"Na hiyo ya Vreni, ni bunduki au kuni?" Köbi akauliza. "Imetafunwa na nini, mbuzi?"

Watu wakacheka. Vreni akanitazama, nami nikapata shughuli ya haraka na soseji yangu.

Aebersold akaanza na ya Köbi. Akasoma namba kwenye kasiba, yaani mtutu, kwenye komeo, kwenye magazini: zote moja. Akachungulia ndani ya kasiba, akapiga mluzi. Köbi akavimba. Kisha mkaguzi akapitisha ukucha polepole kutoka kwenye mbao ya kitako hadi kwenye bamba la chuma mwishoni. Ukucha ukagota.

"Mbao iko chini kuliko chuma," akasema. "Kiwandani huiacha juu kidogo. Nani kaipiga msasa?"

"Mimi! Majira ya baridi yote, kwa mikono yangu!"

"Na muhuri wa jeshi uliokuwa hapa?"

"Ile alama? Ilikuwa imeshika uchafu, nikaiondoa."

Ukumbi mzima ukaguna kama mtu mmoja aliyeumwa tumbo.

"Ungeiacha ilivyokuwa, wakusanyaji wa silaha za zamani wangeigombania," Aebersold akasema kwa upole. "Sasa ni fanicha nzuri."

Alipoishika ya Vreni, nilisahau kutafuna. Namba zote sawa. Vichwa vya skrubu havijang'atwa na bisibisi. Kasiba inang'aa. Ukucha ukateleza kwenye mbao, ukashuka juu ya chuma bila kugota.

"Haijaguswa," akasema. "Na haya makovu chini ya kitako ni ya theluji. Askari alikuwa akigonga buti zake kwa kitako ili barafu itoke."

"Askari gani?" Köbi akadakia. "Labda imenunuliwa mnadani juzi! Fungua bamba, tukione kikaratasi cha jina."

Ni kweli, askari wengi walificha kikaratasi cha jina chini ya bamba. Likafunguliwa. Panya alikuwa amekitafuna chote akajitengenezea kitanda. Köbi akapiga makofi, na Vreni akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

Aebersold hakuiweka chini. Aliigeuza huku na huku, kichwa upande.

"Ajabu. Makovu yako upande usio wa kawaida. Huyu alikuwa mtu wa shoto."

"Mungu wangu, si ndiye Hansruedi!" Köbi akaropoka. "Jeshini, mlimani kule, nilisimama kushoto kwake kila siku! Barafu za wenzake zinarukia kulia, yake inanijia mimi usoni! Nikamwambia, we wa shoto, gonga upande ule! Jino hili—" akavuta mdomo tulione pengo, "—hili lilivunjwa na barafu ya Hansruedi!"

Akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Köbi," Vreni akasema, "rudia. Kwa sauti. Wa nyuma hawakusikia."

Köbi ana makelele, lakini si mwongo. Alisimama, akavua kofia, akarudia neno kwa neno, hadi jino. Kelele iliyofuata iliangusha theluji kwenye mapaa ya bonde la jirani, na ilikuwa mwezi wa saba.

Vreni hakumruhusu mtu ambebee. Aliichukua bunduki mwenyewe, akapita katikati ya wanaume waliosimama wote, Köbi akamshikia mlango wa kabati, naye akailaza ndani, upande wenye makovu ukiwatazama watu.