Jezi ya Thibodeau

Kwa miaka mingi Garnet Wasyliw alichezea timu ya hoki ya barafuni huko Saskatchewan kwa kazi moja tu: anayemgusa Lucien Thibodeau, mfungaji wao, akione cha moto. Pua iliyopinda ilikuwa ya Garnet. Sifa zilikuwa za Lucien. Hayo aliyavumilia, mpaka jioni ile binti yake Darcy alipokuja uwanjani amevaa jezi ya Lucien.

Kipindi cha pili, beki wa wageni alimbamiza Lucien kwenye ukuta unaouzunguka uwanja. Garnet alitupa jicho jukwaani, akamwona Darcy analia. Wivu ukamshika. Akabaki ameketi kwenye benchi la akiba.

"Wasyliw! Unangoja uandikiwe barua?" kocha akafoka.

Hapo akaruka, akatupa glavu, akamtwanga yule beki kwa hasira ambayo maskini hakuistahili. Alipokuwa akitolewa nje kwa adhabu, Lucien aliinuka, na uwanja mzima ukaimba jina la Lucien.

Baada ya mechi Darcy alimkimbilia mlangoni. "Baba, Lucien hajaumia sana?"

Garnet akaficha mfukoni vidole vilivyovimba. "Mzima kabisa, mwanangu."

"Afadhali!" Darcy akasema, huku akichungulia nyuma ya baba yake kuona kama Lucien anakuja.