Fidia ya Dismasi

Regina alijua wamekuja na jambo, maana hakuna anayekwenda kusalimia watu na furushi la nguo za mtoto.

Eliakimu aliketi mkekani, pale barazani kwa Regina, mtaani Buzebazeba. Mkewe, Wema, alibaki kasimama, mtoto mgongoni. Mwanamume huyu alikuwa hai kwa sababu moja tu: mtumbwi wao wa dagaa ulipopinduka ziwani karibu na kijiji cha Mwamgongo, Dismasi, mwana wa pekee wa Regina, alimsukumia dumu tupu la mafuta. Eliakimu akaelea. Dismasi ziwa likamchukua. Tangu hapo Eliakimu hakutulia: mara amlimie mama huyu shamba, mara amwezekee nyumba, mara amletee samaki. Na yote hayo mwenyewe hayakumtosha.

“Mama, huyu tumempa jina Dismasi,” alisema, macho chini. “Tumeshauriana. Akae kwako, awe wako.”

Tumeshauriana! Wema hakuwa amefungua kinywa tangu waingie. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa Regina, akageukia ukutani.

Usimdhanie Regina mtakatifu. Alimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote tangu msiba. Mtoto alimshika kidole akacheka, na moyo wa mama wa watu ukaanza kupanga atalala wapi, atakula nini. Nani angemlaumu? Ameletewa, hakuiba.

Kisha mtoto akalia, na blauzi ya Wema ikalowa maziwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Regina alimnyanyua mtoto, akamrudishia mama yake. Mikono ilikataa kuachia, akailazimisha.

“Eliakimu, kila Jumapili unapokea komunyo. Yesu umemlipa nini?”

“Sina cha kumlipa, mama.”

“Na bado unapokea.”

Regina akaendelea:

“Dismasi naye alitoa, hakukopesha. Mimi si mdai wako, ni mama niliyefiwa tu. Nenda ukalee mwanao.”

Eliakimu alipiga magoti. Miaka yote alileta vitu. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka, aliliona dogo mno.

“Asante, mama,” alisema.

Regina alingoja mpaka wakatoweka machoni pake. Mapaja yake yalikuwa bado na joto la mtoto. Akamlilia mwanawe upya, kama siku ile walipomletea habari.